Shelfu ya ukutani ya kujitengenezea mwenyewe: jua ukuta wako kwanza, mbao baadae

Wakuu, hapa Dodoma nyumba nyingi tunazopanga, iwe Ilazo, Nkuhungu, Kisasa au Nzuguni, unakabidhiwa vyumba vina kuta nne na feni, hakuna hata kabati moja, alafu wewe una vitabu, mafaili, vyombo na masanduku vyote viko chini sakafuni vinakula vumbi. Kabati la kuagiza kwa fundi bei yake unaijua. Shelfu za ukutani unaweza ukajitengenezea mwenyewe kabisa na zikakaa miaka, ila kuna jambo watu wanaliruka. Wanaanza kuumiza kichwa na mbao, ninunue mninga au paini, vanishi ya kung'aa au ya mati, wakati ukiangalia shelfu zilizodondoka karibu zote mbao inakutwa iko chini nzima haina hata ufa, kilichong'oka ni skrubu na fisha yake (kile kiplastiki kinachoingia kwenye tundu kuishika skrubu) pamoja na bonge la plasta. Kwahiyo tuanze na ukuta.

Kugonga na kifundo cha kidole kunasaidia kidogo tu, ukisikia mlio wa uwazi ujue aidha ni jipsamu au plasta imeachia kwa ndani. Zaidi ya hapo toboa tundu moja la majaribio kwa biti ya zege ya milimita 6, sehemu ambayo braketi (ile pembe inayofungwa ukutani kubeba ubao) itakuja kuifunika, bandika karatasi ya kaki chini ya tundu uikunje kidogo ipokee unga, na wakati unatoboa macho yawe kwenye huo unga. Mwanzo unatoka mweupe laini, hiyo ni rangi na skimu (ile poda ya kulainishia ukuta kabla ya rangi), milimita mbili hivi imeisha. Alafu unakuja wa kijivu wenye punje za mchanga, hiyo plasta, kawaida sentimita moja na nusu mpaka mbili, na kwenye nyumba ambayo ukuta ulipinda fundi akaja kuunyooshea kwenye plasta inaweza kufika hata tatu. Baada ya hapo ndio jibu linakuja. Ukiona wekundu hilo tofali la kuchoma. Ukiendelea ukijivu ila drili inalalamika na inasogea taratibu, hiyo bloku au zege. Ukiona udongo wa kahawia unamwagika na biti inazama yenyewe kama kisu kwenye ndizi mbivu, una tofali mbichi na mpango mzima unabadilika, ntafika huko.

Plasta usiihesabu kabisa kwenye kushika mzigo. Hii ndio sababu zile fisha fupi za sentimita tatu zinatusaliti, unaingiza unaona imekaza vizuri kumbe sentimita mbili za mwanzo ziko kwenye plasta na ndani ya tofali imeingia kidogo tu. Kama plasta yako ni sentimita mbili unataka fisha ya urefu wa sentimita tano au sita, na uigonge mpaka izame ipite ule usawa wa plasta, skrubu iwe ndefu ya kuifuata huko huko.

Sasa ukuta kwa ukuta.

Bloku za saruji ndio rahisi, za kwetu nyingi ni za inchi 5 au 6 na hazina tundu katikati kwahiyo fisha inapata pa kung'ata. Tatizo ni kwamba kuna bloku zimefyatuliwa mchanga mtupu saruji ya kunusia, ukitoboa tundu la milimita 8 linakuwa la 11 na mchanga unaendelea kumwagika hata ukishatoa biti. Hapo usilazimishe, hamia fisha kubwa zaidi na zima ile hama ya drili, zungusha tu bila kupigapiga maana kule kupiga ndio kunapanua tundu.

Tofali za kuchoma ni nzuri ukilenga tofali lenyewe. Nyumba nyingi za kuchoma, hasa za zamani, tofali limepangwa kwa udongo na saruji imekuja kutumika nje kwenye plasta tu, kwahiyo ukiangukia kwenye kiungo cha tofali na tofali unga unabadilika ghafla kutoka mwekundu kwenda kahawia na biti inakimbia. Ikitokea hivyo sogea sentimita nne au tano juu au chini, tofali utalipata. Nazo toboa bila hama, tofali la kuchoma linapasuka kwa ndani wewe huoni.

Zege, yaani nguzo na ile linta inayopita juu ya milango na madirisha, ndio inashika kuliko vyote ila lazima drili yenye hama na biti kali, na ukikutana na nondo (utajua, drili inagoma kabisa na biti inapata moto) usishindane nayo, sogea pembeni. Jipsamu bodi kwenye zile nyumba na ofisi zilizogawanywa vyumba, pale fisha ya kawaida haina maana, inabidi utafute vile vyuma vya kusimama vilivyo nyuma ya bodi kwa sumaku ndogo, inanasa pale penye vichwa vya skrubu, alafu ufunge braketi kwenye chuma. Na hata ukifunga hapo weka vitu vyepesi tu, vitabu vya sheria peleka ukuta mwingine.

Tofali mbichi na zile nyumba za miti na udongo, tembe au nyingine yoyote, mimi sikushauri kuning'iniza shelfu ya mzigo kwa fisha hata kidogo. Pale tengeneza shelfu inayosimama chini, nimeielezea mbele.

Kabla hujatoboa popote angalia umeme na maji. Nyaya kwenye nyumba zetu mara nyingi zinashuka kutoka darini wima kwenye paipu ya plastiki mpaka kwenye swichi au soketi, kwahiyo juu ya kila swichi na soketi kuna njia ya umeme, na kati ya soketi mbili zilizo usawa mmoja inaweza kuwepo nyingine ya mlalo. Acha sentimita 15 kila upande wa hiyo njia. Bomba vilevile, juu na chini ya koki usiguse. Ukiwa na drili ya chaji zima meni swichi kabisa, ukiwa na ya waya huwezi kuzima ndio maana kupima kwa macho kunabeba uzito zaidi.

Haya, mzigo. Watu wanasema nitaweka vitu vidogo vidogo tu. Rimu moja ya karatasi za A4 ni kilo mbili na nusu, ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 ukiachana na ndoo yenyewe, na vitabu vilivyosimamishwa vikajaa mita moja vinaweza kufika kilo 30 mpaka 40 kutegemea ukubwa wake. Kwahiyo shelfu ya mita moja na robo ya mafaili inabeba mtu mzima bila wewe kujua. Jenga kwa kudhani kilo 40 hadi 50, hata kama leo unaweka maua na picha, kesho mtoto wa kidato cha tano anahamia.

Ule uzito haushuki tu chini, unavuta pia skrubu ya juu itoke ukutani, na kinachoongeza kuvuta ni upana wa shelfu ukilinganisha na urefu wa mguu wa braketi uliolala ukutani. Tuseme kilo 40 zimekaa katikati ya shelfu ya upana wa sentimita 30, yaani sentimita 15 kutoka ukutani, na braketi inashuka sentimita 20 ukutani. Chukua 40 mara 15 gawa kwa 20, unapata skrubu za juu zinavutwa kilo 30 kwa pamoja, ukiwa na braketi mbili kila moja kilo 15, hapo hamna shida kabisa. Sasa chukua zile braketi fupi za urembo za sentimita 10 alafu shelfu ya upana wa sentimita 40, mzigo uleule, 40 mara 20 gawa kwa 10, kilo 80! Ukuta uleule, skrubu zilezile. Ndio maana nasema mkono mrefu wa braketi ulale ukutani na mfupi ubebe ubao, na mkono unaobeba ufike angalau theluthi mbili ya upana wa ubao.

Braketi zenyewe, za dukani za bati lililokunjwa nyingi ni laini, zijaribu pale pale dukani kwa kuzikunja na mikono, ikikubali kukunjika rudisha. Mimi napendelea kwenda kwa jamaa wa kuchomelea na mchoro. Unamwambia akukatie engo (chuma cha pembe) ya inchi moja unene wa milimita 3, sentimita 25 ya ukutani na sentimita 22 ya kubebea, pembe iwe mraba kabisa, alafu achomelee na mkono wa mshazari kutoka kwenye ncha kwenda chini uwe pembetatu. Atoboe matundu mawili upande wa ukuta, moja juu kabisa na moja chini, na mawili upande wa ubao. Hakikisha tundu la juu liko juu kweli, wengine wanaliweka katikati kwa sababu drili inafika kirahisi hapo, matokeo yake ule urefu wote wa braketi umeulipia bure. Akimaliza asage zile nundu na grenda na upake rangi ya kuzuia kutu. Kama huna fundi wa chuma karibu, pembetatu za mbao ya inchi mbili kwa mbili zilizofungwa na skrubu na gundi zinafanya kazi ileile, ni nene kidogo kwa macho tu.

Tukija kwenye mbao. Paini inayokuja huku nyingi inatoka nyanda za juu kusini, Mufindi na maeneo yale ya shamba la miti la Sao Hill, na mara nyingi inauzwa bado ina maji. Huko ilikotoka kuna baridi na unyevu, huku kwetu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja hewa ni kavu haswa, kwahiyo ubao ukiufunga siku uliyoununua unakauka ukiwa ukutani, unajipinda kikombe na ncha zinapasuka. Nunua, chagua kwanza kwa kuinua ncha moja usawa wa jicho uangalie kama umenyooka, kataa wenye fundo kubwa katikati na wenye moyo wa mti, alafu ulaze ndani kivulini juu ya vipande vya fito ili hewa ipite chini na juu, wiki mbili tatu hivi. Ncha zote mbili zipake rangi yoyote iliyobaki maana maji yanatokea haraka zaidi kwenye ncha na ndipo ufa unapoanzia. Usianike juani ukidhani unaharakisha, jua la saa nane la Dodoma linapindisha ubao kabla ya magharibi.

Ubao wa inchi moja kwa kumi unatosha kwa vitabu na mafaili, ikisharandwa inabaki upana wa kama sentimita 24 na unene wa sentimita 2 na kitu. Mninga ni mbao nzuri mno, haichezi cheza na mchwa wanaiogopa kiasi, ila kwa shelfu ya mafaili ni kujitia gharama bila sababu. Chipubodi ile yenye ngozi ya plastiki mimi siitaki kabisa kwenye shelfu ndefu, inapinda taratibu na hairudi, ikipata maji inavimba. Chaguo lingine ni plaiwudi ya milimita 18. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 ni sentimita 244 kwa 122, ukikatiwa na mashine vipande vya upana wa 30 kwa urefu wa shiti unapata vinne, kila kimoja ukikigawa katikati una shelfu nane za sentimita 120 kwa 30. Nane! Nyumba nzima hiyo. Makali ya plaiwudi unayafunika na fito nyembamba ya mbao.

Hiyo fito ya mbele ichukulie kwa uzito kuliko urembo. Ukichukua moja kwa mbili ukaisimamisha wima kwenye ukingo wa mbele ukafunga kwa gundi nyeupe na skrubu, ubao unakuwa mgumu sana kupinda. Kupinda kunakwenda hivi: kama umepanga vitabu mwanzo mwisho alafu ukazidisha umbali kati ya braketi mara mbili, kupinda kunaongezeka mara 16. Ubao ukiwa mnene mara mbili, kupinda kunapungua mara 8. Kwahiyo braketi ya ziada ni rahisi kuliko ubao mnene. Kwa mzigo wa vitabu na ubao wa inchi moja usizidishe sentimita 60 mpaka 70 kati ya braketi na braketi. Na usiziweke mwisho kabisa wa ubao, ziingize ndani kama moja ya tano ya urefu, mfano ubao wa sentimita 120 weka kila braketi sentimita 25 kutoka ncha, katikati inabaki 70, zile ncha zinazoning'inia zinasaidia kuinua katikati.

Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani zinazotumika kwenye paa, usizitumie jikoni kwa vyombo na chakula, ukizikata vaa barakoa, na vipande vinavyobaki usimpe mtu akapikie.

Kusawazisha. Usipime kutoka sakafuni wala kutoka kwenye dari, sakafu zetu zina mwinuko wake na dari nazo zina siri zake. Pimamaji ya fundi ni bora, iwe ndefu, hii ya sentimita 20 inadanganya kwenye ubao wa mita. Kama huna, chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita tatu nne, jaza maji hakikisha hamna povu, mtu mmoja ashike ncha moja mwingine nyingine, maji yakitulia pande zote mbili umepata usawa na hakuna simu itakayokushinda. Chora alama kwa penseli, weka braketi ya kwanza pale ilipo, chora ndani ya matundu yake. Ya pili usichore bado. Funga kwanza skrubu ya juu ya braketi ya kwanza, laza ubao juu yake, shika ya pili kwa chini, weka pimamaji juu, ndio uchore. Hata kama tundu la kwanza lilikimbia milimita tatu, la pili linalifuata.

Urefu kutoka shelfu moja kwenda nyingine, boksi faili ni kama sentimita 32 kwahiyo acha 35. Juu ya meza ya kusomea acha sentimita 45 au zaidi kichwa kipite. Jikoni usiweke juu ya jiko, moto na mvuke wa mafuta vinaua vanishi na unanyoosha mkono juu ya sufuria. Wala juu ya kichwa cha kitanda, tuko jirani na bonde la ufa na ardhi huku inatikisika mara moja moja, sio kubwa lakini kitabu cha kilo mbili kikikuangukia usiku utakitambua.

Kutoboa sasa. Funga selotepu kwenye biti kuonyesha kina, urefu wa fisha pamoja na ule unene wa plasta unaotaka kuuvuka na sentimita moja ya ziada ya vumbi. Anza taratibu bila hama mpaka upite skimu, hapo tundu halitatanuka mdomo. Shika drili mraba na ukuta, usiegemee. Ukifika kina toa biti huku inazunguka, ingiza tena mara moja, alafu toa vumbi lote, na hii watu wanaipuuza, vumbi likibaki fisha inakuwa imekaa kwenye unga na sio kwenye tofali. Pampu ya baiskeli inafanya kazi nzuri sana, ila funga macho au vaa miwani. Fisha inatakiwa iingie kwa kugongwa na nyundo kidogo. Ikiingia kwa kidole ikazunguka, tundu ni pana, usiongezee njiti za kiberiti, hizo ni za kutundikia kalenda. Lowesha tundu, changanya saruji moja kwa mchanga laini mbili iwe ngumu ngumu, shindilia ndani, ingiza fisha, acha wiki nzima bila kuigusa huku unailowesha siku za mwanzo. Au hamia fisha kubwa.

Kwa mzigo huu tuliosema tumia fisha ya milimita 8 na skrubu ya milimita 5, urefu wa kuvuka plasta na kufika mwisho wa fisha, weka na washa (kile kipete cha bati) chini ya kichwa kama tundu la braketi ni kubwa. Misumari ya zege isiingie kwenye hii kazi. Kuna mafundi wanakuja na kilo ya misumari na nyundo tu, pa pa pa dakika kumi wamemaliza, msumari ule unapasua plasta kuuzunguka na haung'ang'anii chochote ukivutwa kwa mbele.

Upande wa ubao kwenye braketi, toboa kwanza tundu dogo la milimita 3 ndio uingize skrubu, paini kavu inapasuka na mninga unakata kichwa cha skrubu. Paka skrubu sabuni ya mche, inateleza. Na matundu ya braketi upande huu yakiwa marefu kidogo ni vizuri maana ubao unatanuka masika ukianza mwezi wa kumi na mbili na kusinyaa kiangazi, ukiubana pande zote utapasuka katikati. Acha nafasi ya milimita 3 mpaka 5 kati ya ubao na ukuta. Nafasi hiyo hiyo inakusaidia kwenye mchwa. Mchwa wanapanda na kile kichuguu chembamba cha udongo ukutani, ubao ukigusana na ukuta hutawaona mpaka ubao uwe ganda, ukiacha uwazi unakiona kichuguu, unakivunja na kuweka dawa. Paka vanishi upande wa nyuma na chini pia, watu wanapaka juu tu panapoonekana. Oili chafu ya gari waachie wenye mazizi, ndani inanuka na inachafua vitabu.

Vanishi paka kabla ya kufunga. Msasa namba 80, alafu 120, alafu 180, ukifuata mkondo wa mbao, pangusa, paka sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi), ikikauka piga msasa 220 kidogo, alafu vanishi mikono miwili au mitatu. Kipindi cha upepo, mwezi wa sita mpaka wa nane tisa, vumbi linakuja mchana, fanya asubuhi na mapema, mwagia maji sakafu, funga madirisha ya upande wa upepo, sio yote maana thina inataka hewa.

Ukishafunga, usipange vitu siku hiyo hiyo. Weka ndoo mbili za lita 20 za maji juu ya shelfu, kila moja karibu na braketi yake kwa saa moja, kisha zisogeze katikati na mbele kidogo, ziache usiku kucha, na hakikisha chini hakuna soketi wala mtoto. Kabla ya kuweka chora mstari mwembamba wa penseli pale braketi inapoanzia juu. Asubuhi angalia, kama kuna uwazi umetokea kati ya braketi na ukuta kwa juu hata wa unene wa karatasi, fisha imeanza kutembea, toa mzigo urudie tundu hilo. Kama kimya, panga vitu vyako, vizito karibu na braketi na karibu na ukuta.

Ukiwa na kona au kile kishimo kati ya kuta mbili huhitaji braketi kabisa. Funga ubao wa mbili kwa mbili ukutani pande tatu, nyuma na pembeni zote, kila sentimita 30 skrubu moja, alafu laza shelfu juu yake. Hapa mzigo unakandamiza chini tu, hamna kuvuta kwa mbele, ndio shelfu inayobeba kuliko zote na ndio rahisi kuliko zote, sijui kwanini watu hawaitumii stoo.

Na wale wa tofali mbichi: tengeneza ngazi mbili za mbao ya mbili kwa tatu, urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 30, vidato kila unapotaka shelfu. Zisimamishe, laza mbao juu ya vidato na skrubu, nyuma funga mkono mmoja wa mshazari kutoka kona hadi kona isiyumbe. Miguu ikalie kipande cha bati au tofali la saruji isiguse sakafu ya udongo, mchwa. Ukuta unahitajika kuzuia isianguke kwa mbele tu, kwahiyo skrubu moja juu kila ngazi inatosha, na kwenye nyumba ya miti tafuta mti uliosimama ndani ya ukuta ufunge hapo hapo.

Baada ya kiangazi cha kwanza pita na bisibisi ukaze tena skrubu za ubao, zitakuwa zimelegea kidogo kwa sababu mbao imesinyaa. Za ukutani usizikaze kwa nguvu, ukizidisha unazungusha fisha.

Kwa wapangaji, muombe mwenye nyumba kwanza, ujumbe wa simu unatosha mradi ubaki nao. Siku ya kuhama toa skrubu nusu, vuta fisha na koleo, ikigoma izamishe ndani kwa msumari, jaza saruji nyeupe iliyochanganywa na poda ya skimu, ikikauka piga msasa. Kuhusu rangi, usibahatishe jina lake, bandua kipande kidogo cha rangi nyuma ya mlango uende nacho dukani wakulinganishie.